Utafiti wa dawa ya saratani ukisimamishwa kabla ya muda, kuna kinachofichwa? Njooni tuelimishane

MwanaTakwimu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi shangazi yangu amenitumia ujumbe wa sauti mrefu. Jirani yake, mama wa makamo, yuko kwenye utafiti wa dawa ya saratani ya matiti. Kliniki ilimpigia simu kwamba dawa iliyokuwa ikitolewa kwa kundi lake imesitishwa, afike wampe utaratibu mpya. Basi, simu ikakatwa. Mtaani maneno yameshazagaa: "Walimfanya panya wa maabara, sasa wamemtupa." Shangazi anajua mimi ni mtu wa takwimu na nimekaa miaka kadhaa kwenye ofisi za data za utafiti, akaniuliza: "Mwanangu, kama dawa ilikuwa nzuri mbona wameacha, na kama ilikuwa mbaya mbona walianza?"

Nusu ya pili ya swali jibu lake ni fupi. Walianza kwa sababu hakuna aliyekuwa anajua. Daktari akishajua kwa uhakika ipi bora, hana ruhusa ya kuwapanga wagonjwa kwa kura. Atoe iliyo bora. Nusu ya kwanza ndiyo iliyonifanya nifungue uzi. Wengi wetu, hata wasomi, hatujui kwamba kwenye utafiti uliopangwa vizuri kuna watu wanaochungulia data wakati kazi inaendelea, na kuna kanuni iliyoandikwa kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, inayosema wakiona nini wasimamishe.

Takwimu za majaribio zilikulia shambani. Pale Rothamsted, Uingereza, walikuwa wanapima mbolea na mbegu: unagawa vipande vya shamba kwa kura, unapanda, unavuna vyote kwa pamoja, unapima. Hakuna anayehitaji kujua matokeo kabla ya mavuno. Saratani haiendi hivyo. Mgonjwa wa kwanza anaingia leo, wa mwisho ataingia baada ya miaka mitatu, na majibu ya wale wa mwanzo yanafika mezani wakati wengine bado wanaandikishwa. Kama wagonjwa 150 wa mwanzo wanaonyesha kwamba dawa moja imezidiwa vibaya, mgonjwa wa 151 utampangia dawa hiyo kwa moyo gani?

Mwenye huruma atasema fungua hesabu kila mwezi, ukiona tofauti simamisha. Hapo ndipo penye mtego, na naomba mnivumilie nieleze taratibu, maana hii ndiyo roho ya jambo lote.

Chukua sarafu isiyo na hila yoyote. Kanuni ya kawaida ya kitafiti ni kwamba tunakubali nafasi ya 5 kati ya 100 ya kudanganyika, yaani kusema "sarafu hii ina hila" kumbe haina. Nafasi hiyo ya 5 ni halali ukihesabu mara moja tu, mwishoni. Sasa wewe unarusha, unasimama kuhesabu, unaona hakuna kitu, unarusha tena, unahesabu tena, na siku ukikuta vichwa vimezidi unasema "tayari!" na kufunga daftari. Umeipa bahati milango mingi ya kuingilia. Armitage, McPherson na Rowe walilipiga hesabu jambo hili mwaka 1969. Ukichungulia mara 2, nafasi ya kudanganyika inapanda kutoka 5 hadi 8 hivi kati ya 100. Mara 5, inafika 14. Mara 10, inafika 19. Na ukichungulia bila kikomo, siku moja lazima utaiona "tofauti" hata pale ambapo haipo kabisa.

Kwa saratani maana yake ni kwamba dawa isiyo na faida yoyote itaingia wodini, itapewa maelfu, itawanyonyoa nywele na kuwatapisha, na ile iliyokuwa inafanya kazi itawekwa kando.

Kwa hiyo kuchungulia ni lazima, na kila ukichungulia kuna gharama. Njia za takwimu za hatua kwa hatua zilibuniwa kulipa gharama hiyo kwa uaminifu.

Mwanzo wake ni vitani. Mwaka 1943 Abraham Wald, akiwa na kundi la wanatakwimu Chuo Kikuu cha Columbia, alitengeneza njia ya kupima shehena za silaha na vifaa vya jeshi: badala ya kukagua idadi iliyopangwa hadi mwisho, unakagua kimoja kimoja, na baada ya kila kimoja unaamua kukubali, kukataa au kuendelea. Iliokoa ukaguzi mwingi kiasi kwamba ilifanywa siri hadi vita vilipokaribia kwisha. Mwingereza Peter Armitage akaileta hospitalini, na mwaka 1960 akatoa kitabu kizima kuhusu majaribio ya tiba ya aina hii.

Sasa mfano ambao kila mwanafunzi wa takwimu za tiba ameupitia, ingawa wengi huupita kama namba tu. Marekani, karibu na mwaka 1960, watoto wenye lukemia kali (saratani ya damu) walikuwa wakipewa dawa za steroidi, ugonjwa unatulia, kisha baada ya wiki chache unarudi. Emil Freireich na wenzake walitaka kujua kama dawa ya 6-MP (merkaptopurini) ingeuzuia usirudi. Walichukua watoto wawili wawili wa hospitali moja ambao ugonjwa umetulia kwa kiwango kinachofanana. Kwa kura, mmoja akapata 6-MP, mwenzake plasebo, kidonge kisicho na dawa. Kisha wakasubiri. Ugonjwa ukirudi kwanza kwa yule wa plasebo, alama moja kwa 6-MP. Ukirudi kwanza kwa wa 6-MP, alama moja kwa plasebo. Alama zinachorwa kwenye karatasi kama njia inayopanda au kushuka hatua moja moja, na karatasini kuna mipaka iliyochorwa mapema kwa hesabu za Armitage. Njia ikivuka mpaka, hapo hapo unasimama.

Ilivuka. Jozi 21: kwenye 18 aliyepata 6-MP alikaa salama muda mrefu zaidi, kwenye 3 ikawa kinyume. Kundi la plasebo, nusu ya watoto ugonjwa ulirudi ndani ya wiki 8. Kundi la 6-MP, wiki 23. Watoto wote 21 wa plasebo uliwarudia. Wa 6-MP, hadi wanafunga hesabu, 9 tu. Ripoti ikatoka mwaka 1963.

Nimefundisha kwa data hizi. Nilikuwa naandika ubaoni "1, 1, 2, 2, 3, 4, 4, 5, 5, 8..." mpaka siku moja mwanafunzi akauliza hizo ni nini, nikajibu ni wiki, na kila namba ni mtoto. Darasa lilinyamaza. Watoto hao walikuwa 21 na si 100 wa kila upande kwa sababu kuna mtu alichora mipaka kwenye karatasi kabla ya kuanza.

Karibuni, ulizeni, nirekebisheni. Ila naomba tusitaje hospitali ya huyo mama wala kuitafuta, si lengo la uzi.

---

Mama Nasra

Dada MwanaTakwimu, hapo kwenye 6-MP nimesimama kusoma. Mwanangu wa pili alikuwa na lukemia. Alikunywa hivyo vidonge nyumbani kila usiku zaidi ya miaka miwili, mimi ndiye niliyekuwa nagawanya nusu kwa wembe. Sikuwahi kujua vilitokea wapi. Leo yuko kidato cha pili.

Nina swali moja na linaniuma. Hao watoto wa plasebo, madaktari waliwaacha tu?

---

MwanaTakwimu

Mama Nasra, hongera kwa malezi, na Mungu amlinde kijana.

Hawakuachwa. Ugonjwa ukirudi kwa mtoto wa plasebo, kura iliishia hapo na matibabu yaliendelea. Kumbuka pia kwamba wakati ule hakuna aliyekuwa na uhakika kama kuwapa 6-MP wakati wametulia kunasaidia au kunawaongezea sumu bure. Lakini sitakuficha, wapo waliouliza swali lako hilo hilo tangu enzi zile, na ni halali kuuliza. Ndiyo sababu leo kwenye saratani plasebo peke yake ni nadra pale ambapo tiba ipo: kundi la kulinganisha hupewa tiba bora iliyozoeleka, na dawa mpya inaongezwa juu yake au inashindanishwa nayo.

---

Kibo77

Mimi siamini kirahisi. Anayechungulia hizo data ni nani? Kama ni kampuni yenye dawa, si watasimamisha siku ile namba zinapowapendeza? Na kama ni daktari anayetibu, kwa nini asimwambie mgonjwa wake anachokiona?

---

MwanaTakwimu

Kibo77, maswali mazuri kuliko yote.

Anayechungulia hatakiwi kuwa kampuni wala daktari anayetibu. Inaundwa bodi huru ya kufuatilia data na usalama: madaktari wa saratani wasiohusika na utafiti huo, mwanatakwimu asiyehusika, mara nyingi na mtaalamu wa maadili. Wao ndio wanaofunguliwa bahasha. Wanakaa, wanaangalia vifo, madhara, uvimbe uliokua na uliosinyaa, wanalinganisha na mpaka uliowekwa, kisha wanatoa pendekezo: endelea, badilisha, au simamisha. Wakisema "endelea" hawatoi namba hata moja nje. Nimewahi kuandaa ripoti za bodi kama hizo. Unaandika usiku, unafunga, na kesho yake unakutana na daktari mkuu wa utafiti kwenye korido anakuangalia usoni atafute dalili. Huruhusiwi hata kutabasamu vibaya.

Kwa nini usiri huo? Fikiria daktari ameona kwamba baada ya wagonjwa 60 dawa mpya iko mbele kidogo. Kidogo tu, kiasi ambacho bahati inaweza kukileta. Akija mgonjwa aliyedhoofika, mkono utasita kumwandikisha. Akija mwenye nguvu, atamsogeza. Akipima uvimbe kwa aliyepata dawa mpya, jicho litauona umesinyaa. Hakuna uovu hapo, ni ubinadamu. Lakini baada ya miezi sita makundi mawili hayafanani tena, na utafiti umekufa bila mtu kuuua. Wagonjwa wote waliojitolea wamejitolea bure.

Kuhusu kampuni: ndiyo, kuna tafiti zinazofungwa kwa sababu za kibiashara, fedha zimeisha au kampuni imebadili mwelekeo. Hizo si kanuni za takwimu, na ni dhuluma kwa wagonjwa. Ndiyo maana swali la kuuliza ni: nani ameamua, na kwa kanuni gani?

---

Nesi wa Zamu

Mimi niko wodini, sina hesabu nyingi. Lakini nasikia uchungu mnaposema "subiri hadi mpaka uvukwe". Mnasubiri, na huku mimi ndiye ninayefunika shuka. Kama dawa inaonekana inasaidia, kila wiki ya kusubiri ni mtu. Hesabu zenu zinamwona huyo mtu?

---

MwanaTakwimu

Dada Nesi, swali lako ndilo lililowafanya wanatakwimu wabishane zaidi ya miaka kumi, hadi zikatokea njia tofauti.

Mwaka 1977 Stuart Pocock alipendekeza tuache kuchungulia baada ya kila mgonjwa, tuchungulie kwa makundi, tuseme mara 5 katika utafiti mzima, na kila mara kipimo kiwe kile kile kikali: badala ya 5 kati ya 100, takriban 1.6 kati ya 100. Ukiihesabu milango yote mitano kwa pamoja unarudi kwenye 5 yako ya mwanzo. Njia hii inaruhusu kusimama mapema. Gharama yake ni kwamba hata ukifika mwisho bado unadaiwa kipimo kile cha 1.6, na utafiti unaweza kuishia na matokeo ambayo bila kuchungulia yangetosha, sasa hayatoshi.

Mwaka 1979 O'Brien na Fleming wakaja na njia ya mtu mwenye mkono mgumu mwanzoni. Mara ya kwanza kati ya 5, hausimamishi mpaka ushahidi uwe mzito wa ajabu, kama nafasi 5 kati ya milioni. Kadiri data inavyoongezeka mpaka unalegea, na mwishoni umebaki karibu na 4 kati ya 100, hujapoteza sana. Tafiti nyingi za saratani zinafuata njia hii au ya jamaa yake, kwa sababu wagonjwa wachache wa mwanzo wanadanganya sana: kifo kimoja upande huu, viwili upande ule, picha yote inageuka.

Halafu mwaka 1983 Lan na DeMets wakaonyesha kwamba huhitaji hata kupanga mapema utachungulia mara ngapi. Unapanga tu hiyo nafasi ya 5 utaitumiaje kadiri habari zinavyoingia, kama mama anayejua mshahara ni mmoja na mwezi ni mrefu. Bodi ikiona hatari wiki ijayo inaweza kukutana wiki ijayo, mradi inarekodi ilichotumia.

Kwa hiyo ndiyo, hesabu zinamwona huyo mtu wa leo. Zinamwona pia yule wa mwaka kesho ambaye hayuko kwenye utafiti na atapewa chochote tutakachosema leo kuwa ni bora. Wote wawili ni wagonjwa wako.

Nyongeza moja muhimu: kwa madhara hatungoji mpaka mkali namna hiyo. Dawa ikionekana inaua, bodi inaweza kusimamisha kwa ushahidi mdogo zaidi. Mipaka ya faida na mipaka ya madhara si lazima ilingane.

---

Daktari wa Bonde

Nimefuata uzi huu kutoka Kenya, asante kwa kazi nzuri. Nataka nilete mfano wa karibu na sisi, maana watu wakisikia Columbia na Uingereza wanadhani ni mambo ya mbali.

Saratani ya Kaposi kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI tunaijua wote, vile vidonda vyeusi miguuni na mdomoni. Kwa miaka mingi huku kwetu tiba iliyopatikana kwa urahisi ilikuwa bleomaisini na vinkristini, au etoposidi ya vidonge. Dawa ya tatu, paklitakseli, ilikuwa ghali na inahitaji drip na uangalizi. Basi kuanzia Oktoba 2013 ukafanyika utafiti katika vituo vya Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazil. Wagonjwa wote walipewa ARV, kisha kwa kura wakapata moja ya tiba hizo tatu. Swali lilikuwa la kiungwana kabisa: je, hizi za bei nafuu zinakaribia paklitakseli kiasi cha kutosha? Maana kama zinakaribia, hakuna haja ya kuwahangaisha watu.

Machi 2016 bodi ikasema fungeni mkono, yaani kundi, wa etoposidi. Baada ya wiki 48, waliokuwa hai bila ugonjwa kusonga mbele walikuwa 20% kwa etoposidi dhidi ya 50% kwa paklitakseli waliolinganishwa nao. Utafiti ukaendelea na mikono miwili. Machi 2018 bodi ikafunga na ule wa bleomaisini na vinkristini: 44% dhidi ya 64%. Jumla walikuwa wameandikishwa watu 334.

Nilikuwa na wagonjwa kwenye kliniki ya kawaida, nje ya utafiti, wakitumia zile zile tiba za zamani. Taarifa ile ilibadilisha namna nilivyopigania paklitakseli kwenye maombi ya dawa. Bila kuchungulia, tungesubiri hadi mwisho wa ratiba, na vidonda vingeendelea kula watu huku sisi tukijipongeza kwa kuokoa fedha.

Wale wa mkono uliofungwa nao walipigiwa simu kama huyo mama wa shangazi yako. Kupigiwa simu kulikuwa habari njema, ila namna ya kuambiwa ndiyo inayofanya mtu aisikie kama hukumu.

---

JaKisumo

Daktari umenikumbusha. Sisi wa Kisumu tunaikumbuka Desemba 2006. Haikuwa saratani, ilikuwa ule utafiti wa tohara na VVU, vijana 2,784 hapa kwetu na wengine karibu 5,000 kule Rakai, Uganda. Bodi iliangalia data ikasema simamisheni, tohara inapunguza maambukizi kwa karibu nusu, na wale wa kundi la kusubiri wapewe nafasi ya kutahiriwa. Kuna rafiki yangu alikuwa kundi la kusubiri. Alikuja kuniuliza "mbona wamekatiza, kuna mtu amekufa?" Swali lile lile.

---

Kibo77

Nimewaelewa kwenye madhara na kwenye dawa iliyozidiwa. Lakini dawa ikionekana nzuri na mkasimamisha mapema, si mnaweza kuwa mmeisifia kupita kiasi?

---

Daktari wa Bonde

Kibo77 umegusa kidonda, na hapa niruhusu nimpinge kidogo mwanzisha uzi, maana amesifia kusimama mapema bila kutaja bei yake.

Utafiti wa HERA wa trastuzumabu, yaani Herceptin, kwa saratani ya matiti yenye HER2, protini inayoifanya ikue haraka. Mwaka 2005 matokeo ya uchambuzi wa kwanza wa katikati yalitangazwa, wagonjwa wakiwa wamefuatiliwa takriban mwaka 1. Wanawake karibu 1,700 kila upande. Saratani kurudi au kifo na matukio ya aina hiyo: 127 kwa waliopata dawa mwaka mmoja, 220 kwa wasiopata. Hatari imepungua kwa 46%. Dunia ililipuka. Wanawake wa kundi la kulinganisha wakaruhusiwa kupata dawa, na zaidi ya nusu wakaichukua.

Baada ya ufuatiliaji wa miaka 11, upungufu wa hatari ukawa 24%. Dawa bado ni nzuri, inaokoa maisha, siipingi hata kidogo. Lakini 46 na 24 si kitu kimoja. Sehemu ni kwa sababu kundi la kulinganisha nalo lilipata dawa, sehemu ni kwa sababu faida ya mwanzo hufifia. Na kuna sababu ya tatu ya kihesabu kabisa: unaposimama siku ile njia inapovuka mpaka, mara nyingi umeikamata ikiwa juu, siku yake nzuri. Serikali inayopanga bajeti ya dawa ghali kwa namba ya kwanza itaumia.

Kuna na hili: madhara ya moyo, ugonjwa unaorudi baada ya miaka 7, vifo. Hivyo havionekani ndani ya mwaka mmoja. Ukishawapa wote dawa, umevunja kioo cha kulinganishia.

---

MwanaTakwimu

Daktari, nakubali, na nashukuru kwa kunisahihisha hadharani. Nililemea upande mmoja kwa sababu ya yule mama. Dawa ikionekana ina faida mapema, ninapendelea mipaka mikali sana, hasa ile ya Haybittle na Peto: katikati usisimame mpaka nafasi ya kudanganyika iwe chini ya 1 kati ya 1,000. Na namba ya utafiti uliosimama mapema isomwe pamoja na idadi ya matukio yaliyohesabiwa. Vifo au kurudi kwa ugonjwa 30 si sawa na 347, yaani yale 127 na 220 ya HERA.

---

Mwanachuo Dom

Samahani wakuu, mimi nasoma takwimu mwaka wa tatu. Haya yote ni kwa tafiti kubwa. Kwenye zile ndogo za mwanzo, wagonjwa 20 au 30, kuna hatua kwa hatua pia?

---

MwanaTakwimu

Mdogo wangu, huko ndiko njia hizi zinafanya kazi kubwa kimya kimya.

Mwaka 1961 Edmund Gehan aliuliza: dawa mpya tuwape wangapi kabla ya kukata tamaa? Jibu lake: 14. Piga hesabu mwenyewe. Kama dawa inasaidia walau mgonjwa 1 kati ya 5, nafasi ya kila mmoja kutosaidika ni 0.8. Nafasi ya wote 14 kutosaidika ni 0.8 ikijizidisha mara 14, ambayo ni karibu 0.044. Kwa hiyo ukiwapa 14 na hakuna hata mmoja uvimbe wake umesinyaa, simama, usimsumbue wa 15.

Mwaka 1989 Richard Simon akaiboresha kwa hatua mbili. Tuseme dawa inayosaidia 10% haina maana, inayosaidia 30% tunaitaka. Waandikishe 10 kwanza. Wakisaidika 1 au sifuri, funga. Wakizidi, endelea hadi 29, na dawa isonge mbele tu kama waliosaidika ni 6 au zaidi. Uzuri wake ni kwamba dawa mbovu mara nyingi inaishia kwa wagonjwa 10. Fanya zoezi: tafuta nafasi ya dawa ya 10% kufungwa hatua ya kwanza. Utapata kama 0.74. Ukikwama, nitumie ulipofikia nikuangalizie.

---

Mzee Babu Salum

Mimi nina saratani ya tezi dume, nimesoma uzi wote na miwani. Kwa nini kila dawa iwe na utafiti wake? Sisi wazee hatuna miaka ya kusubiri zipimwe moja baada ya nyingine.

---

Daktari wa Bonde

Shikamoo mzee, na pole kwa ugonjwa. Ulichokisema ndicho walichokifanya Uingereza mwaka 2005 kwa saratani yako hiyo hiyo, utafiti unaitwa STAMPEDE. Mikono kadhaa kwa pamoja, kundi moja la kulinganisha linalotumiwa na wote, na vituo vya kuchungulia njiani. Mkono usioonyesha dalili ya kusaidia unafungwa, na mkono mpya unaweza kuongezwa bila kuanza upya. Dawa ya selekoksibu ilifungwa mwaka 2011 kwa kukosa faida, waliobaki wakaendelea. Dosetakseli ilifika mwisho na ikaonyesha kwamba muda wa kati wa kuishi, yaani ule ambao nusu ya wagonjwa waliuvuka, ulipanda kutoka miezi 71 hadi 81. Mwaka 2017 abirateroni nayo ikaleta matokeo mazuri. Ukienda kliniki ukasikia majina hayo mawili, sehemu ya ushahidi wake imetoka huko.

---

Mzee Babu Salum

Marahaba mwanangu. Hiyo dosetakseli ndiyo niliyopewa mwaka jana, nimemaliza mizunguko sita.

---

Kibo77

Nashukuru, nimepata shule. Swali la mwisho, sasa yule mama aulize nini akifika kliniki?

---

MwanaTakwimu

Nimemwandikia shangazi hivi, kwa maneno ya nyumbani: Aulize kundi lake limefungwa kwa sababu dawa imezidiwa, ina madhara, au haionyeshi matumaini, kwa sababu hizo ni habari tatu tofauti. Aulize ni bodi huru iliyopendekeza, au ni mfadhili aliyeamua. Aulize sasa atapewa nini, na kama ndicho wanachopewa wa lile kundi jingine. Aulize kama ataendelea kufuatiliwa, kwa sababu data yake bado ina thamani na afya yake zaidi. Na aombe kuambiwa matokeo yakitoka.

---

MwanaTakwimu

MREJESHO.

Wakuu, leo Alhamisi shangazi amemsindikiza. Nesi aliyewapokea alikuwa mpole, akawaomba radhi kwa ile simu, akatoa fomu ya ridhaa aliyosaini yule mama mwaka jana na kumwonyesha ukurasa unaosema utafiti unaweza kusimamishwa mapema na bodi. Mama anasema ukurasa huo alisomewa haraka haraka, hakumbuki.

Jibu lenyewe: bodi ndiyo iliyopendekeza. Dawa ya kundi lake haikuonekana kuwazidi wale wa tiba ya kawaida, na haikuonekana kwamba ingekuja kuwazidi hata wakisubiri hadi mwisho. Hakuna madhara mapya yaliyogunduliwa. Anahamishiwa tiba ya kawaida kuanzia wiki ijayo na ataendelea kufuatiliwa miaka mitano.

Alipoambiwa aseme kama ana swali, aliuliza moja ambalo halikuwa kwenye orodha yangu: "Tulikuwa wangapi?" Nesi hakujua. Akaandika swali kwenye daftari, na namba ya simu ya mama pembeni, akaahidi kupiga.